Mita sitini kutoka wapi?

Nikiulizwa kazi yangu husema nachora ramani, maana ukisema mwanaikolojia mazungumzo yanaishia hapo hapo. Kwa miaka mingi nimetazama ardhi na maji kutoka juu, kwa picha za satelaiti: msitu umepungua wapi, pori limegeuka shamba wapi, na mto wa chini yake umefanywa nini.

Mto niliousoma zaidi ni Ngerengere. Unatoka milima ya Uluguru, unajaza Bwawa la Mindu linalonywesha sehemu kubwa ya mji wa Morogoro, kisha unashuka mashariki kupita mji mdogo wenye jina lake mpaka kuingia Ruvu. Na maji ya Ruvu ndiyo Dar es Salaam inayafungulia bomba. Anayelima kingoni anagusa glasi ya mtu wa Kinondoni asiyemjua. Hilo silipingi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja: unachagua mstari wa mto, unaandika 60, unabonyeza. Picha za Landsat zimegawanyika katika miraba ya mita 30 kwa 30. Yaani sheria nzima inakaa ndani ya miraba miwili, na bustani ya mtu inaweza isifike hata nusu ya mmoja.

Niliombwa ramani ya namna hiyo. Nikaichora mjini, feni ikizunguka juu ya kichwa, halafu nikashuka Ngerengere kuihakiki. Nikamkuta mama mmoja kwenye mchicha na bamia zake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikamweleza, kwa ule upole wetu wa ofisini, kwamba yumo ndani ya mita sitini.

"Mita sitini kutoka wapi, mwanangu?"

"Mtoni, mama."

"Mto wa masika au wa kiangazi?"

Kiangazi mto pale ni madimbwi yaliyoachana. Masika maji yanafika kwenye mwembe. Nikaangalia GPS ili nipate la kujibu. Ikanionyesha nimesimama katikati ya maji. Viatu vyangu vikavu, mchicha mpaka magotini. Mstari nilioutumia ulitoka ramani ya zamani, mto ulishahama.

Nikasahihisha. Basi mstari mpya ukamwacha mama ndani vilevile, ukawatoa watu waliokuwa nyuma yake, ukawaingiza wengine ng'ambo ambao sijawahi kuwaona. Kosa lilikuwa langu, na marekebisho nayo yakawa yangu.

Wenzangu husema sisi tunatoa data tu, uamuzi ni wa wengine. Nimeyasema hayo mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya kujiamini. Lakini Uluguru hii hii, miaka ya 1950, wataalamu wa serikali ya kikoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, hawakuutunga. Ila udongo wa milima ile ni mwembamba, na kuchimba kulileta juu ule usio na rutuba. Mwaka 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Nadhani na wale walisema wametoa ushauri tu.

Kwenye ramani ya pili niliongeza safu moja: nani analima, tangu lini, ana shamba jingine au hana. Nikaambiwa hiyo si ikolojia, ikafutwa. Ningeweza kukataa kutoa jina langu. Sikukataa, nilijiambia nikitoka atakuja mwingine na mstari ule wa zamani, na bado sijui kama hiyo ilikuwa sababu au kisingizio. Jina liko pale chini, kona ya kulia.

Sijarudi bustanini. Siku nyingine hufungua picha mpya na kuitafuta. Masika ni mawingu matupu. Kiangazi mraba wake unakuwa wa kijani, na kutoka juu kule mchicha na magugu ni rangi moja.