Bei ya Kutazama Maji

Watu wakaao mijini wana desturi ambayo babu zetu wa nchi ya chai hawakuijua. Jioni kazi inapokwisha, au siku ya mapumziko, huulizana, "Leo tukanywe wapi?" Hawana kiu. Maji yapo nyumbani kwao, na chai ipo, na maziwa yapo. Wanachokitafuta si kinywaji bali mahali pa kukinywea, na mahali panapopendwa kuliko pote ni kando ya maji: ufukoni mwa bahari, ukingoni mwa ziwa, au juu ya kilima kidogo kinachoutazama mto. Kikombe kile kile, chenye chai ile ile, hupanda bei kadiri meza inavyoyakaribia maji. Nataka kuuliza kama jambo hilo ni haki; na tena, kama tamaa yenyewe ya kukaa kando ya maji ni anasa tupu au ni haja ya kweli ya binadamu.

Swali hili sikulipata vitabuni. Lilinijia mezani, mjini Kisumu, wakati wa likizo, nilipomchukua mama yangu kwenda kuliona ziwa. Mama alichuma chai kwa miaka 31 katika mashamba ya Kericho. Majani aliyoyachuma yalivuka bahari, ilhali yeye alikuwa hajavuka hata Mto Nyando. Nilikuwa nimeweka akiba kidogo, nikasema moyoni kwamba mwanamke aliyejaza vikapu kwa miaka mingi hivyo anastahili kukaa siku moja akaletewa chai na mtu mwingine.

Tulifika kwenye hoteli yenye bustani inayoteremka mpaka majini. Mlinzi wa lango alitutazama viatu kwanza, kisha nyuso, akauliza kama tunaingia kununua au kutazama tu. Nikajibu kwamba tunanunua. Akafungua. Tulipewa meza nzuri chini ya mti, mhudumu akaja kwa adabu, akasema, "Karibu mama, mtakunywa nini?" Mama akaagiza chai, kwa kuwa hajui kinywaji kingine cha kumpa mgeni wala cha kupewa. Hesabu ilipoletwa, kikombe kimoja kilikuwa shilingi 250.

"Mwanangu," akasema, "kule kwetu kibandani kikombe ni shilingi 30. Hizi nyingine ni za nini?"

Nikamwambia ni za kutazama maji.

Alifikiri kidogo, akanyanyuka, akageuza kiti chake, akalipa ziwa kisogo. "Basi mwambie mimi sitazami," akasema. "Apunguze."

Nilicheka, lakini ndani ya kicheko changu mlikuwa na haya, maana hoja yake sikuweza kuijibu. Nimeifikiri tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwenye hoteli naye ana maneno yake, wala si vyema kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Yeye ndiye aliyefyeka vichaka na kupanda nyasi. Hulipa watumishi, walinzi na leseni. Na gugumaji linapoletwa na upepo likaufunika ufuko wake, ni lazima ahangaike nalo. Kama bei ingekuwa ya jasho hilo peke yake, nisingekuwa na neno. Lakini ziwa hakulichimba. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nchi tatu zinalishiriki. Hakuna mtu awezaye kulitia uani mwake. Anachokiuza, tukisema kweli, ni mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, imeihesabu mito na maziwa kuwa katika ardhi ya umma. Hivyo maji ni yetu sote, ila mara nyingi njia ya kuyafikia ni ya mtu mmoja. Na mtu wa namna hiyo hana haja ya kumiliki maji. Njia yamtosha.

Sina haki ya kuwanyoshea kidole watu wa Kisumu peke yao. Kiasi cha kilomita 8 kutoka mji wa Kericho pana mahali paitwapo Chagaik. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mkulima mmoja wa chai, Tom Grumbley, alipanda hapo miti iliyotoka pande nyingi za dunia, na majani laini yakashuka mpaka kwenye ziwa dogo lililotandwa na mayungiyungi. Sijui mahali pengine katika nchi yetu pafaapo zaidi kuketi na kikombe cha chai. Lakini pamo ndani ya shamba la chai, na mtu hawezi kuingia shamba la watu bila ruhusa. Aliyepapanda alipapenda, na mtu apandaye mti ambao hatauona ukikomaa si mtu wa kudharauliwa. Hata hivyo, mashamba haya ya Kericho yalianza kutwaliwa na makampuni makubwa katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo wenyeji hawakuiuza kwa hiari yao.

Na hapo pana habari moja ambayo vijana wangu darasani hunyamaza wanapoisikia. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Malaria iliwaua, na ndorobo walikuwako. Wengi wa waliosalia hawakurudi mpaka Uhuru ulipokaribia. Ziwa lile lile ambalo leo tunalipa ili tulitazame, wao walipewa bure, wakaliona kuwa ni ukuta wa gereza. Kwa hiyo nasita ninaposikia watu wakisema kwamba mandhari ya maji ni nzuri kwa kila jicho. Nadhani jicho laona uzuri pale tu mwenyewe alipokuja kwa miguu yake, akijua kwamba anaweza kurudi.

Twende pwani kidogo, maana watu wa huko walilitatua jambo hili kabla yetu. Unguja iko bustani ya Forodhani, mbele ya majumba ya kale ya Mji Mkongwe, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jua linapokuchwa wauzaji huwasha taa zao. Huyu ana urojo, huyu anakamua miwa. Mwenye fedha hununua. Asiye nazo huketi ukutani akining'iniza miguu, akawatazama vijana wakijitosa majini, wala hapana amwulizaye kama amekuja kununua au kutazama tu. Mombasa nako, kwenye barabara ya Mama Ngina, serikali ilitengeneza bustani ya kando ya bahari ikafunguliwa mwaka 2019. Nilipata kukaa pale siku nzima na dafu moja na mihogo ya kukaanga, nikaona meli kubwa ikiingia Kilindini polepole, karibu hata nikadhani ningeweza kuwasalimu mabaharia. Kando yangu palikuwa na mzee aliyekunywa kahawa chungu, na familia moja iliyokuja na chakula chao kikapuni, haikununua kitu. Sote tulikuwa na bahari moja. Muuzaji wa dafu alipata riziki yake ya dafu. Ya bahari hakudai.

Basi sikatai biashara kando ya maji. Nakataa lango.

Sasa nigeukie swali la pili, ambalo kwangu ni gumu kuliko la kwanza. Wako wazee, na baadhi yao nawaheshimu sana, wasemao kwamba mto ni wa kuteka maji, kunywesha ng'ombe na kufua nguo. Mtu mzima kukaa ukingoni bila kazi ni uvivu, na kulipia uvivu huo ni wazimu. Wazee wale walipokunywa pombe ya kienyeji walikaa ndani ya nyumba, wamekizunguka chungu kimoja kwa mirija mirefu, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Mandhari yao ilikuwa nyuso. Na mursik ilipomiminwa kutoka kibuyuni, hapana aliyetoka nayo nje kutafuta maporomoko ya maji ya kunywea. Sioni kwamba walipungukiwa na kitu.

Lakini nilipomwuliza mama pale mezani kama Itare, mto aliouteka kwa maisha yake yote, ni mto mzuri, alikaa kimya, kisha akasema hakumbuki. Anayakumbuka mawe.

Jibu hilo lilinichoma. Nilipokuwa mtoto niliandamana naye mtoni alfajiri, kabla hajakwenda shambani. Dumu la lita 20 ni mzigo wa kilo 20, mbali na dumu lenyewe. Na kwetu, ambako mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka, kijia cha kupandia ni utelezi. Mtu aliyebeba mzigo huo hatazami maji. Hutazama mahali pa kukanyaga. Aliuona mto ule zaidi ya mara 10,000, na hakupata kuuona. Mawe ya kuvukia aliyajua moja moja, hata lile lililotikisika. Lakini rangi ya maji jua linapochomoza, au ndege wa mtoni, au ukungu unavyoinuka, hayo hakuwa na mikono mitupu ya kuyapokelea.

Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika juu ya mto wa kwao. Mmoja wao, kijana asiyesema sana, aliandika kwamba uzuri wa mto huonwa na aliyeshiba. Nilimpa alama nyingi, maana aliandika kweli aliyoijua. Lakini nilipomrudishia daftari nilimwuliza juu ya wachungaji wadogo, ambao hushinda ukingoni na njaa yao, wakirusha vijiwe na kuhesabu mawimbi mpaka ng'ombe wakaingia shamba la mtu wakachapwa. Hakuna aliyewafundisha kuyapenda maji. Wanachopata wao, na mama hakukipata, si shibe. Ni saa moja ya mikono mitupu. Kijana alisema atafikiri. Sina hakika kama nilimshinda, wala sikutaka kumshinda.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kukaa kando ya maji ni anasa. Anasa ni kitu ambacho mtu akikikosa hapungukiwi. Mama alipungukiwa. Ile bei ya kikombe, nikiitazama vizuri, haikuwa ya ziwa tu, ilikuwa ya kuketi bila mzigo. Na kitu hicho kimekuwa ghali kwa wale hasa wanaobeba.

Wala si lazima uzuri na manufaa vigombane. Tenwek, katika nchi ya Bomet, Mto Nyangores unaanguka kwenye maporomoko, na nguvu ya maji hayo huipa umeme hospitali iliyo karibu. Nayo maporomoko yangali maporomoko, na mgonjwa aliyepata nafuu aweza kwenda kuyasikiliza. Mto huo huo wapita kando ya mji wa Bomet, kisha hukutana na Amala ukawa Mara. Mbele huko, wageni kutoka Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi ili wawaone nyumbu wakiyavuka maji ambayo sisi tumeyavuka darajani bila kugeuza shingo. Miji yetu mingi ya bara imeujengea mto mgongo: maduka hutazama barabara, na upande wa maji ndiko zitupwako taka. Sheria ya maji inataka ukingo uachwe, kuanzia mita 6 hadi 30. Ukanda huo kwa kawaida hupandwa mikaratusi inyonyayo maji, au hulimwa kwa siri. Ningependa kuona hapo miti ya asili, mabenchi machache ya mbao, na mama mmoja mwenye chupa ya chai auzaye kwa bei ya kibandani. Haitaki fedha nyingi. Yataka tu watu wakubaliane kwamba mchuma chai akitoka kazini ana haki ya kuketi mahali.

Nimemwacha mama mezani muda mrefu, amelipa ziwa kisogo. Sikujua la kumwambia, basi nikafanya wafanyavyo walimu wakishindwa, nikafundisha jiografia. Nikamweleza kwamba Itare hauishii kwetu. Huteremka ukakutana na mito mingine ya nchi ya chai, ikawa Sondu. Na Sondu huingia Ghuba ya Winam, ambayo ndiyo hii iliyo nyuma ya kiti chake.

"Itare uko hapa?" akauliza.

Nikasema uko hapa, umechanganyika na wenzake.

Alikaa kitambo. Kisha akanyanyuka, akakigeuza kiti taratibu kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akaketi, akaweka mikono magotini. Gugumaji lilikuwa limejitenga upande mmoja, na mtumbwi wa mvuvi ulikuwa unarudi. Mhudumu alikuja akauliza kama tungeongeza chai. Nilikuwa nahesabu kichwani zile shilingi 250, lakini mama alinitangulia, akamwambia alete.