Mnyama wa Serikali

Nakaa Kigamboni, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikivuka maji asubuhi kwenda kazini mjini na kurudi jioni. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, majirani zangu wenye magari waliiacha pantoni. Mimi sina gari, na hata ningekuwa nalo nadhani ningeendelea kupita Feri. Nimeizoea harufu ya pale, makelele ya madalali wanaonadi samaki, na paka wanene kuliko watoto wa baadhi ya wachuuzi. Lakini kuna mahali katika mkondo ule, pantoni ikiisha kuliacha gati la upande wa mjini na kabla haijafika katikati, ambapo siwezi kuyatazama maji bila kuona haya. Hapo ndipo mwaka 1993 nilipoitupa nyama aliyoniletea mjomba wangu.

Mjomba ni mtu wa Rufiji, wa kijiji kilicho pembezoni mwa lile lililokuwa likiitwa Pori la Akiba la Selous. Alikuwa mwindaji, kama baba yake na babu yake. Siku ile alishuka basi akanikuta Kariakoo, akanikabidhi pakacha lililofungwa vizuri kwa kamba ya ukindu. Akasema, “Mjomba, wape watoto, nimeibanika mwenyewe.” Sikuuliza ni ya nini. Harufu ilitosha. Yeye alibaki kwa ndugu zetu Gerezani, nami nikatembea na pakacha langu hadi Feri.

Ndani ya pantoni walikuwamo askari wawili. Yumkini walikuwa wanarudi makwao tu kama mimi, lakini mmoja alilitazama pakacha, kisha akanitazama mimi. Ilikuwa miaka minne tu tangu Operesheni Uhai ya 1989, wakati jeshi na polisi walipoingia maporini na vijijini kuwasaka majangili, na sote tulikuwa bado na hofu ya neno “nyara”. Nikasogea ukingoni kama mtu anayetafuta upepo. Lilizama polepole kuliko nilivyotazamia. Nyumbani nilisema mjomba amewasalimu.

Swali linalonisumbua tangu siku ile si kama nilivunja sheria au niliitii. Ni hili: mnyama wa porini ni wa nani, hata mtu mmoja aweze kumwambia mwingine, “wewe utaua wawili, yule ataua kumi, na huyu asiue kabisa”?

Nimewasikiliza wawindaji wengi wa upande wa kwetu, na napenda kusema kwanza jambo ambalo watu wa mjini hawaliamini. Sikumsikia hata mmoja akisema kwamba pasiwe na mpaka. Mjomba alikuwa na mipaka yake kabla hajasikia habari ya leseni. Hakumpiga jike lenye mimba. Hakumvizia mnyama kwenye dimbwi la mwisho wakati wa kiangazi kikali, maana hapo, alisema, unamwua mwenye kiu, si mwenye nyama. Kama nyumbani kulikuwa na kitoweo, gobore lilibaki ukutani. Sheria nayo inamkataza mwindaji kumwua mnyama mwenye mimba au anayefuatana na mtoto wake. Katika hilo sheria na mjomba wanasema neno moja.

Basi ugomvi uko wapi? Mjomba aliueleza hivi: “Mbuzi wa jirani akiingia shambani mwangu, namwita jirani tunazungumza. Tembo wa serikali akiingia, nimwite nani?”

Ugomvi huo ni wa zamani. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji kwa leseni na kutenga maeneo ambamo uwindaji ulikatazwa, eneo mojawapo likiwa huko huko Rufiji. Waingereza wakaliendeleza, wakalipanua, na katika miaka ya 1940 wakawahamisha watu wa sehemu za Liwale ili pori libaki bila watu. Pori hilo wakalipa jina la Frederick Selous, mwindaji wao mashuhuri wa tembo, aliyeuawa kwa risasi za Wajerumani huko Beho Beho mwaka 1917. Mjomba lilikuwa likimchekesha sana jambo hili. Mwindaji mgeni amepewa pori zima liitwe kwa jina lake, mwindaji mwenyeji amepewa kesi. Tangu 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lakini wazee wa kwetu bado wanasema Selous.

Baada ya uhuru msingi wa sheria haukubadilika. Uwindaji wa kitalii ulisimamishwa mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978. Katikati ya hapo ikaja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 1974, na baadaye ile ya 2009, na zote mbili zinasema kwamba wanyama wote wa porini ni mali ya umma chini ya serikali, na mtu hawindi ila kwa leseni. Hata nyati aliyemshambulia mtu akauawa kwa kujilinda, nyama yake na pembe zake ni nyara za serikali. Nawaomba wasomaji walitazame neno hilo. Nyara ni kitu kilichotekwa vitani. Sijui ni nani aliyelichagua, lakini mwanakijiji akilisikia hahitaji kamusi kujua ni nani aliyeshindwa vita hiyo.

Mpaka hapa naandika kama wakili wa mjomba, na kwa miaka mingi niliishia hapa. Lakini haki inanitaka niendelee.

Mwindaji anahesabu kile anachokiona. Mjomba aliijua kila njia ya swala katika mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani kwake, na ndani ya mwendo huo hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya bwana nyama aliyetoka wilayani na karatasi. Ng'ambo ya mto hakuwa na hesabu. Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 walipohesabiwa kwa ndege mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Katika miaka iliyokuwa mibaya kuliko yote mjomba alikuwa akiniambia tembo wako wengi mno, wanamaliza mahindi. Hakuwa akisema uongo. Wale waliobaki, kwa kukimbia bunduki za ndani ya pori, walikuwa wamesogea mashambani kwake. Ukimpa mtu huyo peke yake madaraka ya kupanga wangapi wauawe, atapanga kwa moyo safi, na atakosea.

Tena mipaka ya babu ilitosha kwa gobore moja na watu wachache. Haikuwekwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Mji huu ni tumbo. Mtu akae Feri alfajiri moja tu aone samaki wanavyoshushwa, changu na nguru na taa, na vidagaa ambavyo vingeachwa miezi michache vingekuwa kitu, ndipo atakapoelewa. Wavuvi nao wana malalamiko yale yale kuhusu matundu ya nyavu. Wanasema bahari haiishi, aliyeandika sheria hajawahi kulala baharini. Nami nawahurumia, lakini naona pia kwamba kila mwaka ngalawa zinakwenda mbali zaidi kuitafuta bahari hiyo isiyoisha. Na pembe za wale tembo hazikuliwa kijijini. Nyingi zilisafirishwa ng'ambo kupitia bandari za Dar es Salaam na Unguja. Meli zote za bandari ya hapa hupita katika mlango huu huu mwembamba, mbele ya pantoni, na abiria hutakiwa kungoja zipite. Mimi nilitupa pakacha la nyama kwa hofu ya askari wawili mahali ambapo makontena yalipita bila hofu.

Liko jambo jingine, nalo mjomba aliniambia kwa shida. Baada ya watu kuanza kukamatwa ovyo, aliliacha gobore. Bunduki inasikika. Akaanza kutega nyaya. Uzi wa chuma hausikiki, lakini hauchagui. Hauulizi kama ni jike, kama ana mimba, kama nyumbani kuna kitoweo. Unashika, na asubuhi wakati mwingine unakuta mnyama amekwisha kufa, nyama haiwezi kuliwa na Mwislamu, unaitupa. Nikamuuliza, “Na zile sheria za babu?” Akanyamaza kidogo, akasema, “Mjomba, za babu zilikuwa za mtu mwenye mnyama.”

Nimelifikiri jibu hilo kwa miaka. Kwa upande mmoja ni kweli tupu, na kila mtunga sheria angepaswa kulisikia. Ukimnyang'anya mtu kitu halafu ukamwambia akitunze, umemwondolea ile sababu ya kukitunza iliyokuwa ndani yake, na askari wote wa dunia hawawezi kusimama mahali pake. Kwa upande mwingine ni kisingizio. Yule kongoni aliyekufa kwenye uzi hakuwa amebadilika kwa kuwa karatasi ya mjini ilisema ni wa serikali. Mimba yake ilikuwa ile ile. Kama huruma ya mjomba ilikuwa kwa mnyama, ingebaki. Kama iliondoka na umilikaji, basi tangu mwanzo ilikuwa huruma ya mtu kwa ghala lake. Yote mawili naona ni kweli, na sijaweza kuyapatanisha.

Hapa naomba kwenda mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko nako jambo hili limegombaniwa sana. Katika jimbo la Wisconsin paa wakubwa wa kwao walikuwa wamezidi malisho, wakawa wanakufa njaa wakati wa theluji. Mwaka 1943 mtaalamu Aldo Leopold, aliyekuwa katika tume ya jimbo, aliunga mkono wawindaji waruhusiwe kuua majike ili kundi lipungue. Wawindaji walikasirika mno. Kwao kutompiga jike ilikuwa karibu na dini, na walikuwa wamefundishwa hivyo na sheria yenyewe kwa miaka mingi. Leopold aliitwa kila jina baya. Nami nikisoma habari hizo namwona mjomba wangu pande zote mbili za ukumbi.

Lakini kulikuwa na ukumbi. Tangu 1934 jimbo hilo lina baraza ambalo wawindaji na wavuvi wenyewe huwachagua wajumbe wake, na hukutana kila wilaya kusema wanavyoona. Walikuwa na kiti, na katika jambo lile walikosea. Mjomba hakuwa na kiti, na katika mengi alikuwa sahihi. Mtu aliyekosea akiwa kitini anaweza kuonyeshwa paa waliokufa njaa akabadili mawazo. Aliye sahihi akiwa nje ya mlango anakwenda kununua uzi wa chuma.

Kwetu mlango ulianza kufunguliwa kidogo. Mwaka 1988 ulianza mpango wa kuhifadhi Selous kwa msaada wa Wajerumani, na vijiji vya pembezoni vikaanza kupewa mgawo: kila mwaka idadi fulani ya nyumbu na nyati wawindwe kwa ajili ya kitoweo cha kijiji. Baadaye, kutokana na sera ya 1998, zikaja jumuiya za uhifadhi za vijiji. Hazikufanya miujiza. Mapato makubwa ya vitalu hayakwenda kijijini, na wawindaji wanalijua hilo kwa shilingi na senti.

Miaka michache iliyopita mjomba alikuja kwangu kutibiwa macho. Amezeeka, anatembea ameshika ukuta. Siku hizi, kwa kanuni za mwaka 2020, mtu anaweza kununua nyamapori buchani kwa halali, nami nikaona huu ndio wakati wa kulipa deni. Nikanunua kilo mbili za swala, nikapewa stakabadhi, nikapanda nayo pantoni nimeishika juu juu mkononi kama mtu aliyebeba cheti. Hakuna aliyenitazama.

Jioni, kabla hatujala, nilimwambia habari ya mwaka 1993. Nilitazamia akasirike. Akauliza, “Lote?” Nikasema lote. Akatikisa kichwa.

“Ilikuwa nyumbu wa mgawo,” akasema. “Alipigwa mbele ya mwenyekiti na bwana nyama, akachinjwa, kila nyumba ikapata fungu lake. Lile lilikuwa fungu langu.”

Nikajisikia vibaya kuliko nilivyojisikia kwa miaka yote ile. Askari walinishuku kwa kitambo kidogo. Mimi nilimhukumu mjomba wangu palepale bila hata kufungua pakacha. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, au alilisikia, maana akaongeza kwa sauti ya chini: “Lakini hatukuruhusiwa kuitoa kijijini. Kuila ilikuwa halali. Kukuletea wewe ndiyo ilikuwa kosa.” Akacheka, nami nikacheka, ingawa sikujua vizuri tunacheka nini.

Mke wangu akaleta chakula. Mjomba akatafuna tonge la kwanza kwa makini, kama mtu anayesoma. Akasema ni swala kweli, na ni mdogo. Kisha akauliza, “Jike au dume?”

Nikaitoa stakabadhi mfukoni nikaisoma chini ya taa. Ilikuwa na tarehe, uzito, bei na muhuri.