Lango na Njia

Kila safari ina mwanzo na mwisho, na katikati ya viwili hivyo iko njia. Njia ndiyo yenye jua, kiu na vumbi, na aghalabu ndiyo msafiri atamaniyo kuifupisha. Katika michezo ya kompyuta yenye nchi za kubuni, tamaa hiyo imepewa umbo la lango la uchawi. Mtu huingia upande huu akatokea nchi ya mbali, mguu wake haujachoka wala kiatu chake hakijachakaa. Kwamba lango lina raha hapana ubishi. Linalobishaniwa ni kama mtu aliyefika hivyo ameimaliza safari au ameikwepa.

Ultima IV, mchezo wa Richard Garriott uliotolewa mwaka 1985, una neno la kusema juu ya ubishi huo. Mchezaji hatumwi kumwua adui mkuu. Hutakiwa awe kielelezo cha fadhila nane, zikiwamo ukweli, huruma, ushujaa, haki na unyenyekevu. Nchi yake, Britannia, ina malango manane, na mbingu yake ina miezi miwili. Mwezi mmoja huamua lango lipi lionekane. Wa pili huamua limtoe msafiri wapi. Asiyeitazama mbingu hutokea asipopakusudia, au hukuta uwanja mtupu. Hekalu la fadhila ya kiroho halifikiwi kwa mguu wala kwa chombo. Hufikiwa kwa lango tu, miezi yote miwili ikiwa mipevu. Basi lango hilo lina bei yake, nayo ni kungoja na kufahamu.

Zaidi ya hayo, malango hayo huifupisha ardhi, hayaufupishi mwenendo. Mwuza dawa za uganga ni kipofu, na mnunuzi humhesabia fedha mwenyewe. Ampunjaye haadhibiwi pale pale, ila ukweli wake hupungua kimyakimya. Ampaye maskini huongezeka huruma. Fadhila hupatikana kwa matendo kama hayo, moja baada ya moja, na mtunzi hakujenga lango la kuyaruka.

Oblivion, mchezo wa mwaka 2006, uliiondoa bei. Mchezaji huchagua mji katika ramani na mara yuko mlangoni pake. Saa za njiani huhesabiwa kuwa zimepita, walakini hapana aliyeziishi. Watetezi wa desturi hii wana hoja isiyofaa kudharauliwa: mtu aliyeshinda kazini, akabakiwa na saa moja ya kucheza, hana deni la kuvuka mara ya kumi msitu alioujua. Kuchoka si fadhila. Hoja hiyo ni ya haki kwa arudiye. Kwa aendaye mara ya kwanza ni dhaifu, maana miji mikubwa ya mchezo huo imefunguliwa tangu mwanzo, na mtu huingia katika mji ambao hajapata kuuona hata kwa mbali. Mahali pengine pengi hudai pagunduliwe kwanza. Yaonekana watunzi wenyewe walihisi kwamba jina katika ramani halitoshi kuitwa ujuzi wa mahali.

Huko Britannia, msafiri aliyetoka langoni sasa hivi na aliyetembea siku nyingi husimama mbele ya kipofu yule yule. Kipofu hawaulizi wamekuja kwa njia gani. Hutaja bei, kisha hungoja wahesabu.