Mti Haujafa, Umebanwa

Shangazi yangu wa Bagamoyo ana mwembe dodo nyuma ya nyumba. Ua ulipomwagwa zege, mwembe ule ukaanza kudhoofika. Majani yalipungua na kuwa ya manjano, vitawi vya kileleni vikabaki vijiti. Kila aliyeingia uani alikuja na tiba yake: huyu mbolea ya dukani, yule dawa ya kunyunyiza, na jirani mmoja akashauri ukatwe kabla haujaangukia bati. Shangazi akamjibu, "Baba, mti huu haujafa. Umebanwa."

Nilipokwaruza kitawi kwa ukucha niliona alisema kweli. Ncha ilikuwa kavu, rangi ya kahawia hadi ndani, lakini shubiri moja chini yake gome lilificha ukijani wenye majimaji. Tukakata hapohapo penye uhai. Matawi mabichi hatukuyagusa, kwa kuwa majani ndiyo jiko la mti, na mgonjwa havunjiwi jiko.

Kazi kubwa ilikuwa chini. Mizizi inayoulisha mwembe haiko shinani. Imetambaa karibu na uso wa ardhi hadi kivuli kinapoishia, na zaidi. Nayo inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na zege huinyima vyote viwili. Fundi alivunja sakafu kwa nyundo na mtaimbo, taratibu, asije akajeruhi mizizi. Udongo uliotokea ulikuwa mkavu na mgumu, hauna hata nyungunyungu.

Halafu tukauona waya. Ulikuwa wa kuanikia nguo, umefungwa shinani tangu zamani, na gome limevimba juu yake hadi karibu kuumeza. Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia gome, kwa hiyo waya ule ulikuwa ukiishindisha mizizi njaa. Tuliukata kwa koleo pale ulipofikika. Kipande kilichozama tulikiacha, maana kukivuta kungeliumiza gome zaidi.

Baada ya hapo hatukufanya mengi. Tulitandaza majani makavu na samadi iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi), tukaviweka mbali na shina ili gome lisioze. Maji tuliyamwaga kwa wingi pembeni, kwenye ukingo wa kivuli, kisha tukaacha ardhi ipumue kabla ya kumwagilia tena. Maji ya sabuni na moto wa takataka vikahamishiwa mbali na mti.

Nimeyawaza sana maneno ya shangazi. Tunapomwona kijana amenyong'onyea, au mama amechoka na ndoa, mkono wetu hukimbilia kuongeza: nasaha, vikao, fedha, masharti. Ni wachache wanaoketi na kuuliza nini kimembana mtu huyu, tukiondoe. Kuongeza humpa sifa anayetoa. Kuondoa ni kazi ya jasho isiyo na shukrani, na mara nyingi kinachotakiwa kuondolewa tumekiweka sisi wenyewe.

Mvua za vuli ziliposhika, mwembe ulitoa majani mapya, mekundu kama shaba, laini, yananing'inia. Msimu huu haukuzaa, na hakuna aliyeudai embe.

Wewe unayepanga kusakafia ua kabla ya masika, tafadhali zungumza na fundi wako mapema: chini ya kivuli cha mti paachwe udongo, na kamba ya nguo itafutiwe nguzo yake.