Refa naye ajieleze

Ukitaka kumharibia jioni shabiki wa Yanga hapa Cyanzarwe, Rwanda, huna haja ya kumtukana. Mtajie Pretoria tu. Wageni hushangaa kukuta Yanga ina wenyewe huku mpakani na Kongo, mbali kote huku na makao yake ya Jangwani, Dar es Salaam, lakini sababu tunayo. Haruna Niyonzima ni mtoto wa Gisenyi, alianzia Etincelles palepale mjini, na mwaka 2011 akaenda Dar es Salaam kuvaa kijani na njano. Mapenzi hayajakatika tangu hapo, hata baada ya yeye kupitia kwa watani wetu Simba. (Hilo mimi nimelisamehe. Wengine bado.)

Aprili 5, 2024 ilikuwa marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, Dar es Salaam, Yanga na Mamelodi Sundowns walitoka 0-0. Kipindi cha pili pale Loftus Versfeld, Pretoria, Stephane Aziz Ki akaachia shuti, mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini, ukatoka. Banda zima tulimotazamia mechi likaruka. Refa alikuwa Dahane Beida wa Mauritania. Watu wa VAR wakapitia picha, kisha mchezo ukaendelea: si goli. Dakika 90 zikaisha 0-0 tena, na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2.

Kijana mmoja aliisimamisha picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili mpaka mstari wa goli ukawa ukungu mweupe. Simu ikazungushwa, na kila aliyeishika aliona alichotaka kukiona. Sheria inadai mpira wote uvuke mstari wote. Ukibaki hata unene wa wembe, si goli, na kamera iliyokaa upande haiwezi kukuonyesha wembe. Teknolojia ya mstari wa goli haikuwapo. Kwa macho yangu mpira ulivuka. Lakini macho yangu ni ya shabiki.

Kabla picha haijamaliza kurudiwa, sauti kutoka nyuma ilikwishatoa hukumu: "Wamemnunua."

Neno hilo linanikera kuliko uamuzi wenyewe. Kumwita mtu mla rushwa ni kumvua heshima mbele ya watoto wake, na sisi tunalitamka bila hata kumeza mate. Marefa wala rushwa wapo, na wengine wamefungiwa maisha. Ila wengi wanaotuumiza wamekosea tu. Juni 22, 1986, Maradona alipowafunga Waingereza kwa mkono pale Azteca, refa Ali Bennaceur wa Tunisia hakuuona mkono. Alimtazama msaidizi wake, Mbulgaria Bogdan Dochev, akaona kibendera kimelala, akakubali goli. Mwaka 2015 Maradona alimfuata nyumbani Tunisia, akampa jezi ya Argentina yenye saini yake. Nadhani ndiye mchezaji pekee aliyewahi kumshukuru refa kwa kosa.

Au mchukue Janny Sikazwe wa Zambia. Januari 12, 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Limbe, Kameruni, alimaliza mechi ya Mali na Tunisia kabla ya dakika 90, tena mara mbili. Afrika nzima ilicheka, nami nikiwemo. Halafu Sikazwe akasema: joto lilikuwa limemzidi, akawa hawasikii hata wenzake kwenye mawasiliano. Baada ya maneno yale sikuweza kucheka tena.

Kinachotuumiza zaidi ni kunyimwa maelezo. Huku kwetu ugomvi wa mpaka wa shamba la viazi hupelekwa kwa abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa kwa uadilifu wao. Pande zote husikilizwa, na uamuzi hutoka na sababu zake. Aliyeshindwa huondoka amenuna, lakini anajua kilichomshinda, na akitaka kubisha ana cha kubishia. Mtu anaweza kumeza hasara ya kipande cha shamba. Ukimya hamezi.

Ukimya wa namna hiyo ulivunja fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mei 31, 2019, Radès, Wydad walikataliwa goli dhidi ya Espérance kwa madai ya kuotea. Walipotaka VAR itazamwe, kumbe mtambo haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Refa wa siku ile, Bakary Gassama wa Gambia, alikuwa miongoni mwa marefa walioheshimika sana Afrika. Heshima yake haikumsaidia kitu.

Dawa yenyewe si ya ajabu. Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 marefa walivalishwa vipaza sauti, wakatangaza uwanjani uamuzi baada ya kuangalia VAR, na sababu yake. Uwanja ulizomea, lakini ulizomea ukijua.

Kwenye Umurenge Kagame Cup, ambako sekta zetu hushindana, hakuna VAR wala kamera. Kuna kijana mwenye filimbi, na pembeni kuna watu wanaomfahamu mpaka mama yake. Salima Mukansanga alitoka Rusizi, ncha ya pili ya ziwa letu hili la Kivu, akafika Yaoundé: Januari 18, 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha akiwa refa wa kati kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Zimbabwe na Guinea. Binti wa Cyanzarwe atakayetaka kumfuata ataanzia kwenye viwanja hivi, na atakutana na midomo hii.

Kwa hiyo CAF wawape marefa vipaza sauti, watueleze walichokiona. Na wewe shabiki mwenzangu, refa akikuumiza sema amekosea, lalamika mpaka asubuhi ukipenda. Hilo la kununuliwa liache hadi utakapokuwa na ushahidi wa kupeleka mahakamani.