Umeme na Njia ya Kurudi

Gari aina ya MGB lililotoka kiwandani Abingdon, Uingereza, mwaka 1964 huweza kumwonyesha kioja fundi anayelifufua leo. Anakanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka hafifu. Wala hakuna waya inayotoka breki kwenda dashibodi.

Chanzo kiko nyuma. Balbu ya huko ina nyuzi mbili, mmoja wa breki na mwingine wa taa ya usiku, na zote hurudisha umeme kwenye bodi kupitia kikombe cha balbu. Kutu ikikila kikombe, umeme wa breki hukosa pa kurudia. Hupenya uzi wa pili, ukapita waya nyekundu ya taa za usiku, ukaibukia dashibodi na kuipata bodi huko.

Fundi hulifumbua fumbo kwa kuufuata umeme: betri, swichi, fyuzi, taa, bodi. Lakini kwenye MGB za miaka hiyo ni chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi, na shuleni tulifundishwa kuwa umeme hutoka chanya kwenda hasi. Kumbe fundi anaufuata kinyumenyume!

Fundisho lenyewe lilianza kwa kubahatisha. Mwaka 1747 Benjamin Franklin aliuita upande mmoja ziada, yaani chanya, na wa pili upungufu, yaani hasi, bila njia ya kujua upi ni upi. Mwaka 1897 J. J. Thomson akagundua elektroni, na ndizo zinazotembea ndani ya waya, kutoka hasi. Katika MGB hiyo, basi, fundi yuko sawa. Katika ya mwaka 1968, yenye hasi kwenye bodi, elektroni zinakwenda kinyume na anavyowaza, na bado hitilafu anaipata.

Je, imani potofu yaweza kumfikisha mtu kwenye ukweli? Mwanafalsafa William James, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1907, alishikilia kwamba ukweli wa wazo huonekana katika kufaa kwake. Jibu hilo linavutia, lakini halitoshi. Kilichomwongoza fundi si mwelekeo. Ni kujua kwamba umeme utokao lazima urudi, na njiani haupotei. Hilo Franklin aliliona, na hakukosea. Kosa lake lilibebwa na ukweli wake.

Balbu haibagui mwelekeo. Lakini diodi za oltaneta, mtambo unaochaji betri, hubagua: betri ikifungwa kinyume, diodi hizo huungua, majina yawe yoyote yale.

Fundi anakisugua kikombe kwa msasa, anapima kati yake na ncha ya betri iliyoshika bodi. Mita inasoma karibu na sifuri. Anakanyaga breki, dashibodi inabaki giza.