Je, Yafaa Kucheza Vita?

Wapo watu ambao tangu utotoni hata uzeeni hawaachi kupenda mambo matatu: kupanga majeshi ya vinyago mezani, kupigana vita katika michezo ya video, na kutunga hadithi za mashujaa. Mtoto akifinyanga askari wa udongo, au akichonga bunduki kwa shina la mgomba, twamtazama kwa upendo. Mtu mzima akifanya mfano wa hayo, twasema amekosa kazi. Hata hivyo, ndani ya kejeli hiyo mna swali zito la maadili. Je, ni haki mtu kujifurahisha kwa mfano wa jambo ambalo, likiwa la kweli, ni kilio?

Swali hilo haliko mbali na sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Katika karne ya 19 Wahehe walipigana na Wasangu wa akina Merere, hata watawala wa Usangu wakahamia Utengule, karibu na mahali ulipo leo mji wa Mbeya. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo katika Iringa, wapiganaji wa Mkwawa walitoka vichakani wakalivamia jeshi la Wajerumani, wakamwua kiongozi wake, Emil von Zelewski, pamoja na wengi wa watu wake. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilianguka, na mwaka 1898 Mkwawa alijiua ili asishikwe akiwa hai. Fuvu linalotambuliwa kuwa lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nalo limehifadhiwa Kalenga. Mtu aliyezaliwa katika nchi kama hii hawezi kusema kwamba vita ni ngano tu.

Lakini tusidhani kwamba kucheza vita ni jambo la kigeni. Bao letu ni vita. Wachezaji wawili hukabiliana kwa mashimo 32 na kete 64. Kuna nyumba ya kulindwa, kuna kuteka na kutekwa, na ushindi hupatikana kwa akili wala si kwa nguvu za mkono. Tena bao lina fundisho lake: kete iliyotekwa haitupwi nje, bali hupandwa upande wa aliyeiteka, ikaendelea na safari. Zaidi ya hayo, mpinzani yupo mbele yako. Wamwona akikunja uso, wamsikia akicheka, na mchezo ukiisha mwainuka pamoja.

Wazungu nao walikuwa na mchezo wao. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kuwafundisha maofisa kwa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa bati sakafuni, akasema kuwa vita vidogo vya namna hiyo ni bora mara nyingi kuliko vita vyenyewe. Hoja yake ni njema. Lakini mwaka uliofuata Vita Kuu ilizuka, na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalikuwa yakikimbizana katika nchi hizi za Iringa na Mbeya.

Tujiulize basi: ni nani waliosahauliwa mezani? Ni wapagazi. Waafrika kwa maelfu walitwishwa risasi na vyakula vya majeshi hayo, wakafa kwa njaa, maradhi na uchovu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Mchezaji husogeza kikosi chake kwa ncha ya kidole. Hamwoni aliyebeba mzigo, wala mama aliyenyang'anywa mahindi ghalani. Hapo ndipo ilipo hatari ya mchezo wa vita. Haufundishi ukatili, wafundisha kusahau.

Hatari hiyo yaongezeka katika michezo ya video. Katika vibanda vya mijini vijana wengi hucheza kandanda, lakini wengine hucheza vita, ambamo adui hana jina, wala mama, wala kijiji. Akianguka hutoweka, na aliyeanguka upande wetu hufufuka kwa kubonyeza kitufe. Wapo wasemao mambo hayo yapigwe marufuku. Sisi hatuoni hivyo. Shauku ya kijana haiuawi kwa amri, huongozwa.

Na kiongozi wake ni lile jambo la tatu, yaani utunzi. Anayetunga hadithi ya vita hawezi kukwepa kumpa aliyeanguka jina na sauti. M. M. Mulokozi alipoandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, iliyochapishwa mwaka 1979, aliipeleka habari ya vitabu vya historia jukwaani. Na jukwaani lazima mtu avae umbo la shujaa, na mwingine avae umbo la adui, aseme maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe. Mwanafunzi aliyeigiza adui amelazimika kumwazia kuwa ni mtu.

Wazee wetu waliijua siri hii. Makabila mengi yaliyopigana zamani leo ni watani. Watani hutukanana, hunyang'anyana vitu, hukumbushana vita vya mababu kwa kicheko. Lakini penye msiba mtani huyo huyo ndiye afikaye mapema kusaidia mazishi. Huo ni mchezo wa vita uliokamilika, kwa kuwa hauwakimbii wafu.

Basi jibu letu ni hili: yafaa kucheza vita, kwa sharti kwamba anayecheza awe tayari kumzika aliyeanguka. Walimu, msiwapokonye vijana askari wao wa udongo. Waambieni waandike ni nani aliyekuwa akibeba mzigo, na kwao wapi, na nani alimngojea asirudi. Atakayeweza kuandika hayo, na acheze mpaka uzeeni. Mchezo wake hautamdhuru mtu.